Kikaragosi na Sitara: Malezi ya Jioni katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika miji na vijiji vya pwani ianzayo Mtwapa, ikapita Takaungu na Kilifi, Watamu na Gede, Malindi yenyewe na mdomo wa mto Sabaki, hata ikafika Mambrui na Ngomeni, mtoto wa zamani hakufunzwa adabu zake za kwanza na mwalimu wala na kitabu, bali alifunzwa na mnyama asiyekuwepo. Jua lilipokwisha kuchwa, magharibi ikaswaliwa, chakula kikaliwa na vyombo vikaoshwa, bibi aliketi juu ya mkeka uani au barazani, watoto wakamzunguka, naye akatoa mwito ule ujulikanao na kila mzaliwa wa pwani, paukwa, wakamjibu kwa sauti moja, pakawa. Na tangu hapo Sungura, Fisi, Simba na Kobe waliingia uani pale na kufanya mambo yao mbele ya macho ya watoto kana kwamba ni majirani wa mtaa. Bara kidogo, katika nyumba za Wagiriama, mjanja yule yule aliitwa Katsungula, na hila zake zilisimuliwa kwa lugha nyingine kandokando ya moto, lakini kazi yake katika malezi haikuwa tofauti.

Tutazame kazi hiyo kwa karibu. Mtoto aliyechota asali ya watu wazima mchana ule, akafuta mdomo kwa kiganja, akakana, hakutajwa jina usiku. Aliyetajwa ni Fisi. Fisi ndiye aliyeingia ghalani, Fisi ndiye aliyeshiba mno hata akashindwa kutoka katika tundu aliloingilia, Fisi ndiye aliyechekwa na wanyama wote. Na watoto walipoulizwa na bibi kama lile lilikuwa tendo jema au ovu, mwenye kosa naye alijibu pamoja na wenzake, tena pengine kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba lilikuwa ovu. Amejihukumu mwenyewe mbele ya hadhara, na hadhara haikujua. Bibi alijua, mtoto alijua kuwa bibi anajua, basi. Kesho yake asali ilisalimika.

Mpango huu msingi wake ni sitara, jambo ambalo watu wa pwani hulithamini katika mavazi, katika nyumba na katika maneno, na ambalo sioni kama limepewa nafasi ya kutosha na wale walioandika juu ya malezi yetu. Makusudio hayakuwa kuficha ovu, kwa kuwa ovu lilielezwa waziwazi hata watoto wakalichukia. Makusudio yalikuwa kumstiri mwenye kulitenda, ili apate njia ya kurudi katika wema bila ya kupita katika aibu. Hapo palihitajika kinywa cha tatu, kisicho cha mlezi wala cha mlelewa, kibebe lawama na kibebe pia mafunzo, na mnyama wa hadithi akaja kukitoa. Dai langu katika insha hii ni kwamba kikaragosi kinachomfundisha mtoto wa leo katika televisheni kuosha mikono, kungoja zamu yake na kusema samahani, kimekuja kukalia kiti kile kile, na kwamba hukumu juu ya uzuri au ubaya wake yafaa itolewe kwa kipimo cha kiti hicho.

Haielekei kudhani kwamba njia ya hikaya ilikuwa ndiyo njia pekee. Pwani ilikuwa pia na nasaha iliyonyooka, itokayo kwa mzazi ikamfikia mtoto bila ya pazia, na mfano wake mkubwa ni utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa Hijria 1275, yaani 1858, na mama wa kaskazini aliyekuwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Utenzi ule humweka binti karibu na mama, humtaka achukue wino na karatasi, kisha humpa moja kwa moja mambo ya dini, ya ndoa na ya mwenendo kati ya watu. Ni kazi yenye taadhima kubwa, na nakala zake zilipita mikononi mwa wanawake wa mwambao wote. Lakini binti aliyeandikiwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima anayeweza kustahimili kuambiwa. Mtoto wa miaka minne au mitano hastahimili. Akiambiwa waziwazi huinamisha kichwa, huchezea kidole cha mguu, na maneno humpita. Kwa umri ule wazee waliiacha nasaha wakashika ngano, nami naamini walikuwa wakijua walifanyalo.

Ngano hizo zilianza kuwekwa katika vitabu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Na mwaka 1891 William Ernest Taylor, mmisionari aliyekaa na Wagiriama na kuijua lugha yao, alitoa msamiati wa Kigiriama pamoja na maneno aliyoyakusanya kwa wenyewe. Kazi zao ni hazina, na wengi wetu tumezisoma kwa shukrani. Hata hivyo kitabu kiliipokea hadithi, hakikuweza kuipokea hadhira. Ukurasa hauulizi ukangoja, wala haumtazami mtoto mmoja kwa jicho la pembeni akajua kuwa ni yeye anayesemwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufariki kwake 1947, na ambaye ukoo wake tawi lake moja lilihamia Takaungu baada ya Mombasa kuangukia mikononi mwa Sultani Sayyid Said wa Unguja mwaka 1837, alilitambua pengo hilo katika upande wa dini. Na yeye aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932 ili kuwazindua watu wazima, aliandika pia vitabu vyepesi vya kuwaongoza watoto wa chuoni, akijua kwamba mtoto asiposemeshwa kwa kadiri ya akili yake huwa hakusemeshwa kabisa. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuja kusimama mbele ya kamera mwaka 1986 akaufundisha ulimwengu historia ya Afrika katika vipindi 9 vya televisheni. Baba kwa kitabu cha chuoni, mwana kwa televisheni, na wote wawili walikuwa katika kazi moja ya kufundisha.

Njia ya kinywa cha tatu haikuachiwa watoto peke yao. Mwaka 1913, Waingereza walipokuwa wakiwataka Wagiriama watoe vijana kwenda kufanya kazi, Mekatilili wa Menza, mjane aliyekuwa akizunguka vijijini kwa ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu, alifika barazani mbele ya ofisa wa serikali akiwa na kuku mwenye vifaranga. Inasimuliwa hata leo kwamba alimwambia ofisa yule ajaribu kumchukua kifaranga mmoja, naye alipoupeleka mkono kuku akamdonoa. Na hapo mama yule akawaeleza watu wake kwamba vivyo hivyo ndivyo watakavyofanya wao wakichukuliwa watoto wao. Wasimulizi wanahitilafiana juu ya yaliyofuata kwa kuku, lakini hawahitilafiani juu ya nguvu ya onyesho. Hotuba ya saa nzima isingefanya kazi iliyofanywa na ndege yule mdogo. Alieleweka na mtu mzima, akaeleweka na mtoto aliyebebwa mgongoni. Na hiyo ndiyo sifa ya mchezo mwema wa kufundishia, kwamba humpa kila mmoja fungu lake kwa kadiri ya umri wake.

Kisha redio ikaja, ikaketi barazani pamoja na wazee. Katika idhaa ya Sauti ya Kenya alitokea mtu wa pwani ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeihamisha sitara ya bibi kutoka mkekani akaiingiza hewani bila ya kuipunguza. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, alianza mwaka 1966 kipindi alichokiita Je, Huu ni Ungwana?, na kipindi hicho, katika redio na baadaye katika televisheni, kilidumu miaka mingi kuliko vipindi karibu vyote vilivyozaliwa pamoja nacho. Maudhui yake yalikuwa mambo madogo ya kila siku, ya namna ya mtu kuazima kitu asikirudishe, au kupaza sauti pasipo mahali pake, au kumkatiza mwenziwe maneno. Alilieleza tendo kwa utaratibu, kwa sauti isiyokuwa na ghadhabu, pasipo kumtaja yeyote. Kisha akauliza swali lake, akamwachia msikilizaji hukumu. Watoto waliokuwa wakicheza uani walilichukua swali lile wakaulizana wao kwa wao, na walezi wengi wakalitumia badala ya fimbo.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana jambo hili lina kina kuliko linavyoonekana. Malindi iliyohuishwa katikati ya karne ya 19 chini ya masultani wa Unguja, ikawa ghala la mtama na ufuta wa mwambao, ilihuishwa kwa mikono ya watumwa. Mashamba yaliyoizunguka yalilimwa na watu waliotekwa mbali na kuletwa pale, na waliotoroka walikwenda kujificha bara katika vijiji vyao kama Fuladoyo. Utumwa haukufutwa kwa sheria katika pwani hii hata 1907. Katika siku zile uungwana ulikuwa ni nasaba na mali: mtu alizaliwa nao au alizaliwa bila yake, na adabu nzuri za mtumwa hazikumfanya muungwana. Freretown nao ulikuwa ni mji uliowekwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ile, na jamaa ya Mbotela ni katika uzao wa watu hao. Hivyo mtoto wa mji wa walioachiwa huru ndiye aliyekuja kuiuliza nchi nzima, juma baada ya juma, uungwana ni nini. Na jibu alilolijenga taratibu katika akili za wasikilizaji ni kwamba uungwana ni mwenendo, unapatikana kwa kila atakayejifunza, hata mtoto wa miaka mitano aliyekubali kumpisha mwenziwe kisimani. Mbotela alifariki Februari 2025. Sidhani tumekwisha kuipima kazi yake.

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962. Serikali ikautwaa utangazaji wote mwaka 1964, na mwaka 1970 kikafunguliwa kituo cha televisheni Mombasa. Kaskazini ya hapo, katika Kilifi na Malindi, picha ilifika kwa shida na nyumba zenye chombo zilihesabika. Katika miaka hiyo hiyo, mbele ya Ngomeni, Waitalia walikuwa wamesimamisha baharini jukwaa la kurushia vyombo vya angani. Kutoka pale ilirushwa setilaiti ya San Marco 2 mwezi Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya Kimarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Watoto wa Ngomeni waliuona moto ukipanda mbinguni kabla wengi wao hawajaona picha ikisogea katika kioo. Fahari ile iliwapita juu ya vichwa, na ujuzi uliopatikana kwayo haukurudi kwao kwa lugha wanayoielewa. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa kuwa pwani yetu mara nyingi imekuwa mahali pa kupitia mambo makubwa ya dunia bila ya kuambiwa yanahusu nini.

Mwenye televisheni katika mtaa kama Barani au Shela ya Malindi hakuwa na amri kamili juu ya sebule yake. Ikifika jioni watoto wa jirani walivua viatu mlangoni wakaketi sakafuni, wadogo mbele na wakubwa nyuma, na waliokosa nafasi wakashika nondo za dirisha kutoka nje. Ulikuwa ni ule ule mduara wa mkekani, isipokuwa sasa wote wametazama upande mmoja, na aliye katikati haoni wanaomtazama. Waliyoyaona aghlabu hayakuwa yametengenezwa kwa ajili yao. Zilikuwa ni habari, michezo ya watu wazima, na katuni za ng'ambo zilizosemwa Kiingereza upesiupesi, ambazo mtoto wa Muyeye aliambulia kishindo chake akakosa maana.

Wakati huo, upande wa pili wa bahari, kulikuwa na watu waliokuwa wakiifikiria televisheni kama bibi alivyoufikiria mkeka. Jim Henson, Mmarekani, alikata mwaka 1955 koti kuukuu la mama yake akalishona likawa kikaragosi, akaupasua mpira wa tenisi ya mezani akautia macho yake. Huyo ndiye Kermit, aliyekuja baadaye kuwa chura. Fred Rogers, ambaye kipindi chake kilianza kuonyeshwa katika Marekani nzima Februari 1968, alikuwa na chui milia wa kitambaa aitwaye Daniel, mwenye haya na hofu nyingi, na kupitia kwake alizungumza na watoto juu ya hasira, kifo na kuachana kwa wazazi, polepole, akinyamaza pale mtoto anapohitaji kufikiri. Na tarehe 10 Novemba 1969 kilianza Sesame Street, kilichoasisiwa na Joan Ganz Cooney na wenzake kwa shabaha ya kuwafikia watoto wa mitaa ya kimaskini kabla hawajaanza shule. Vikaragosi vya Henson vilikuwa vya kijani, vya buluu, vya manjano. Havikuwa vya kabila lolote, na kwa sababu hiyo kila mtoto aliweza kujiona ndani yake bila ya kuonwa. Wamarekani hawakumjua Fisi wetu, lakini walilifikia jambo lile lile.

Yafaa msomaji ajue kazi hii inavyofanywa, maana ni kazi ngumu yenye sura ya mchezo. Mchezeshaji huketi au hupiga magoti chini, nje ya macho ya kamera, mkono wake wa kulia umenyoshwa juu ya kichwa, umeingia ndani ya kichwa cha kikaragosi kilichochongwa kwa sponji na kuvikwa kitambaa. Vidole vinne hushika taya ya juu, kidole gumba hushika ya chini, na mkono wa kushoto huendesha kijiti chembamba kilichofungwa kwenye kiganja cha kikaragosi. Hakitazami kikaragosi chenyewe, bali hutazama kioo kidogo kilichowekwa miguuni pake, apate kuona anachokiona mtoto nyumbani. Siri kubwa ni gumba: mwanagenzi huinua taya ya juu, na kikaragosi huonekana kama kinabweka kuelekea mbinguni, fundi huteremsha taya ya chini, na macho yakabaki yamemtazama mtoto. Kinywa hufunguka mara moja kwa kila silabi. Kiswahili, ambacho maneno yake asilia humalizia kwa irabu, huingia katika kinywa kile kwa wepesi, kwa kuwa kila irabu ni kinywa kilichofunguka. Baada ya robo saa bega huwaka moto. Na mkono ukichoka, kikaragosi huinama, na mtoto hujua mara moja kwamba rafiki yake hayupo tena.

Katika Kenya sanaa hii iliingia malezi ya umma kwa mlango wa maradhi. Mwaka 1994 kiliundwa chini ya shirika la Family Planning Private Sector kikundi cha wachezesha vikaragosi wa afya ya jamii, kilichojulikana kwa kifupi kama CHAPS, kikapeleka vikaragosi sokoni, shuleni na viwanjani kuzungumzia UKIMWI katika siku ambazo neno lenyewe lilisemwa kwa kunong'ona. Kikaragosi kiliweza kutamka mbele ya mkwe na shemeji maneno ambayo hapana mtu mwenye haya angeyatamka. Na watu walisikiliza, wakacheka, wakauliza maswali, kwa kuwa aliyekosa na aliyeuguzwa hakuwa mmoja wao. Kwa watu waliozoea kufumbiana, njia ile haikuwa na ugeni. Huko Afrika Kusini, katika Takalani Sesame, aliingizwa mwaka 2002 kikaragosi wa kike aitwaye Kami, yatima wa miaka mitano anayeishi na virusi, aliyewafundisha watoto kwamba mwenziwe mgonjwa hukumbatiwa na huchezwa naye. Miaka michache baadaye vikaragosi vya XYZ Show navyo vilitokea katika televisheni ya Kenya, 2009, kwa kuwakejeli wanasiasa. Lakini hiyo ni kazi ya watu wazima na siyo ninayoishughulikia hapa.

Pwani yenyewe ilikuwa imekwisha kufungua njia yake mapema zaidi, na kwa mikono ya wanawake. Mwaka 1982 wakuu wa Waislamu wa pwani walimweleza Aga Khan wasiwasi wao kwamba watoto wao wanaingia shule bila ya matayarisho, na kutokana na maombi hayo ukazaliwa Mombasa mpango wa shule za chekechea za madrasa, ambao mwalimu wake wa mwanzo na nguzo yake alikuwa Bi Swafiya Said. Mpango huo ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Vifaa vya darasa vilitengenezwa na akina mama wenyewe kwa vitu vya mtaani: vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makumbi, ukili, na wanasesere wa matambara ya kanga. Nimeona darasa la namna hiyo, ambapo mwalimu, baada ya watoto wawili kugombania kifuu, hakuwauliza nani mkosa. Alimtwaa mwanasesere wa kitambaa, akamweka sikioni, akajifanya anasikiliza, kisha akawaambia watoto kwamba huyu anasema ana huzuni kwa kuwa hakupewa zamu. Darasa likanyamaza. Yule mkubwa akakinyosha kifuu kwa mwanasesere, wala si kwa mwenziwe, na mwenziwe akakipokea kwa niaba yake. Hapakuwa na umeme pale wala kioo.

Televisheni ya Kiswahili ilipoanza kumjali mtoto, iliyatumia mambo haya. Tanzania ilipata Kilimani Sesame, kilichowaletea watoto wadogo vikaragosi vinavyosema Kiswahili juu ya herufi, hesabu, upole na chandarua cha mbu. Na wataalamu walipowachunguza watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa muda wa wiki 6, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba walioshikamana zaidi na kipindi waliendelea vizuri zaidi katika kusoma, kuhesabu, mwenendo na kuyajua maradhi. Kisha Dar es Salaam ikazaa Ubongo, taasisi iliyoasisiwa na Nisha Ligon na wenzake, ambayo katuni yake ya Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa Januari 2014. Katuni si kikaragosi, lakini ni ndugu yake. Na watu wale walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko ufundi wote wa picha, maana walimrudishia mtoto haki yake ya kujibu. Swali liliulizwa ndani ya kipindi, na mtoto mwenye simu ndogo ya mzazi wake aliweza kutuma jibu kwa ujumbe mfupi. Baadaye ikaja Akili and Me, hikaya ya mtoto wa kike wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila akilala huingia katika nchi ya ndotoni iitwayo Lala Land akajifunza pamoja na marafiki zake wanyama. Waliobuni hayo walifanya kazi ya kisasa kwa utafiti wa kisasa, lakini usiku, usingizi, na wanyama wenye kusema walivikuta vimekwisha kuandaliwa.

Mwezi Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na tangu tarehe 8 Aprili Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale, ilifungiwa mipaka, watu wasitoke wala wasiingie. Kwa bahati njema, tarehe 31 Machi, katika siku zile zile za mashaka, kilikuwa kimefunguliwa kituo cha Akili Kids, televisheni ya bure kwa watoto tu, chenye vipindi vya kufundishia asubuhi hata jioni. Katika nyumba zenye umeme kituo hicho kilikuwa faraja. Wazazi waliokuwa wamezoea kuona watoto wao wakipumbaa mbele ya mapigano na vishindo, waliwaona wakihesabu vidole, wakisimama kuruka pamoja na mnyama wa picha, wakimwambia mama kwamba sabuni hukaa mikononi mpaka wimbo umalizike.

Lakini kaunti ya Kilifi si Malindi na Mtwapa peke yake. Ganze, Magarini na sehemu kubwa ya bara ya Kaloleni zilikuwa na nyumba nyingi zisizo na chombo wala waya wa umeme, na huko mwaka ule mzima, hata shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, mafunzo ya mtoto yalirudi mikononi mwa wazee wenye kumbukumbu, kwa Kigiriama, Kichonyi na Kikauma, bila ya mshahara na bila ya kutajwa katika taarifa yoyote. Tena hata pale penye chombo, yule mnyama asemaye kwa upole husema Kiingereza, au Kiswahili cha mbali. Hajui mkeka ulivyosukwa, hajapanda mnazi, hajangoja ngalawa irudi, hajaambiwa amkie mzee kwa shikamoo kabla ya kuomba maji. Adabu anayoifundisha ni njema, wala siikatai. Ila nusu ya adabu ni mahali pake, na mtoto hujifunza zaidi kusamehe akimwona kikaragosi akisamehe juu ya jambo ambalo hata yeye amepata kugombea.

Wachezeshaji tunao, tangu wale wa mwaka 1994 na wanafunzi wao. Walimu wa chekechea wenye wanasesere wa matambara tunao. Wasimulizi wa Katsungula wangali hai, ingawa umri umewala, na Kilifi ina chuo kikuu chake, Pwani, chenye vijana wanaosoma Kiswahili na kuzisema lugha za Mijikenda majumbani mwao. Kituo cha bure cha watoto kiko hewani. Linalosalia ni kuwaketisha watu hawa chumba kimoja na kuwalipa, tena upesi, maana bibi anayeijua hadithi ya Fisi ghalani kwa jinsi inavyosimuliwa Takaungu, pamoja na mahali pote pa kuuliza na mahali pote pa kungoja, hahitaji kamera ili aijue, lakini kamera yamhitaji yeye ili ijue ni wakati gani inyamaze imwachie mtoto ajibu.